Ajali Haina Kinga

Mwanasesere wetu ana kilo themanini na mbili,
ovaroli ya samawati, buti mbili zisizo ndugu,
na mkanda kifuani uliounganishwa na mizani.
Wanafunzi waliotutangulia walimwita Orrin.
Leo, theluji ikiwa imelala juu ya Iowa yote,
tunamfukia kwenye mahindi.

Mpaka magotini: kamba inavutwa,
anachomoka kama jino la mtoto.
Mpaka kiunoni: watatu tunavuta, tunatweta.
Mpaka kifuani: watano tumeng'ang'ania kamba moja
na Orrin hasogei hata unywele.
"Andikeni namba," anasema Profesa Kolstad.
"Mshangao mtauandika nyumbani."

Juu ya meza yake kuna mtungi uliokuwa wa achari.
Atamkaye "ajali" darasani hutumbukiza robo dola.
Neno hilo, asema, ni pazia:
ukishalishusha, hakuna anayeuliza
nani aliacha mashine ikizunguka,
nani aliona ngazi ya ndani ni gharama,
kwa nini kijana alikuwa peke yake.
Muhula wa kwanza nilikaribia kufilisika.

Maana kwetu lilikuwa neno la mazishi.
Verlin, kaka yangu, aliingia ghalani na fimbo ya chuma
kuvunja ganda la mahindi yaliyoshikamana,
na chini yake parafujo inakula, inakula.
Redio ya zizini ilikuwa ikisoma bei za nguruwe.
Haikufika bei za soya.
Mchungaji alisema, majirani wakasema,
baba akasema akiitazama kofia yake:
ajali haina kinga.
Wakaleta mikate, na viazi vya kuoka, na sahani juu ya sahani
za mahindi mabichi yaliyopakwa siagi.
Hakuna aliyeona. Mimi niliona. Nilikula.

Chumba cha pili Rashonda Tibbs anasoma mafaili ya hospitali.
Mwanamke mmoja, mara nne kwa mwaka, "alijigonga mlangoni."
Rashonda hupiga mstari chini ya mlango
na kuandika pembeni kwa kalamu ya risasi:
mlango gani huu wenye vidole vitano?
Mtungi wake yeye ni mkubwa kuliko wetu.

Kila Novemba Lavonne, mjane wa Verlin, huja kufundisha saa moja.
Haleti picha. Haleti machozi.
Huleta kufuli jekundu la dola sita.
"Unafunga swichi," asema, "halafu ufunguo
unaingia nao. Mfukoni mwako. Si mwa baba. Si juu ya msumari."
Kisha anakaa, na dakika hamsini zilizobaki,
na hakuna mwenye swali.

Aprili, mafunzo ya nje. Barabara ya changarawe, mbwa wawili,
mzee Merle Tjaden amesimama mlangoni pa ghala,
viganja amevificha kwapani.
Nikamweleza magoti, kiuno, kifua. Nikamweleza watu watano.
Akasikiliza kama mtu asikilizaye utabiri wa hali ya hewa.
Akasema, kwa upole, kile nilichojua atasema:
"Binti yangu, ajali haina kinga."

Mkono ukaenda mfukoni kwa mazoea, kutafuta robo yake.
Ukatoka na kufuli.
Akalipima kiganjani. Akalifunga, akalifungua, akalifunga.
"Ufunguo mmoja tu?"
Mmoja tu.

Sijui kama analitumia.
Kazi yetu haipigwi picha: mtu anaingia, anatoka,
anakung'uta vumbi la mahindi kofiani,
anakwenda kula, analalamikia supu.
Kwenye jedwali langu la mwaka huu
mstari wa wilaya yake una sifuri.
Nalitazama kila siku, duara lile dogo,
mdomo uliofunguka
ambao bado unavuta pumzi.