Ng'ombe

Mpaka umefungwa, ilisema redio ya jikoni.
Haikusema umefungwa na nani.
Nilikuwa nakanda unga. Nikaendelea kukanda.

Huku bonde la Fergana
mwanamume hubaki kilipozikwa kitovu chake,
arithi ua, tanuri, miaprikoti sita.
Avukaye mfereji ni mwanamke,
na magodoro yake na birika la shaba.
Mama alitoka upande huu akaolewa ule.
Mimi nikatoka ule nikaolewa huu.
Bibi naye alivuka, sikumbuki kuelekea wapi.
Tuliushona mpaka kwa miili yetu, uzi kwenda, uzi kurudi,
hata wakaja watu na ramani wakasema:
hapa pana mshono, fumueni.

Shavkat si mume mbaya.
"Ni mambo ya nchi," asema, "yatapita."
Mama yake yuko chumba cha pili, amwita anywe chai.
Ndugu zake wanne wako mtaa huu huu.
Kwake, mpaka ni bei ya saruji.

Gazetini niliwaona, wanaume kumi na mmoja,
chupa za maji, bendera mbili ndogo mezani.
Walizungumza gesi. Walizungumza zamu za maji ya mfereji,
kwa lita, kwa sekunde.
Kisha kifungu cha saba: raia wote, bila ubaguzi, hawatavuka.
Bila ubaguzi.
Nililisoma neno hilo mara mbili, nikafungia mkate.

Nyumba ya mama yangu, Bubusara,
ni hatua arobaini na moja toka ukingo wa pili.
Nilizihesabu nikiwa mtoto, ndoo kichwani.
Sasa ni ndege mbili kupitia nchi ya tatu,
na barua ya mwaliko, na idhini ya mume.

Kwa hiyo, Alhamisi, twasimama. Yeye kule, mimi huku,
waya katikati, na askari.
Twapiga kelele: bei ya mchele, nani kafa, nani kajifungua.
Lakini liko jambo ambalo mtu humwambia mamake sikioni,
mlango umefungwa, shuka bado zimelowekwa.
Hilo hupigiwaje kelele?

Nikapaza sauti:
"Mama! Ng'ombe wetu katupa mimba!"

Askari, kijana wa miaka ishirini hivi, akanigeukia.
"Pole," akasema. "Ng'ombe siku hizi ni ghali."

Kule ng'ambo mama,
ajuaye kwamba hatujapata kufuga ng'ombe,
alikaa chini, palepale kwenye matope,
na kilemba chake kipya.

Alhamisi iliyofuata alifika mapema.
Hakuuliza mchele.
"Ng'ombe hajambo?"

"Anasimama," nikajibu. "Anakula kidogo."

"Mpe maji ya uvuguvugu. Asibebe ndoo.
Na usiku, umsikie, usiku
asilale peke yake."