Maji Yasiyotoka Popote

Navua pete kabla ya kushuka kijitoni.
Fedha ya ndoa yangu ni nyembamba,
lakini mashine ya kule Oulu haijui mapenzi:
itaisoma tu, na kuiandika
kama dhambi ya maji.

Mwezi wa tano. Barafu inaachia kingo
kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.
Glavu mbili, moja juu ya nyingine.
Chupa naisuuza mara tatu kwa maji yaleyale,
ya nne ndiyo naweka.
Mjomba Jovnna ameshika kamba iliyonifunga kiunoni,
analalamika kuhusu bei ya petroli.

Kichujio ni cheupe, upana wa sarafu.
Hata tope jembamba kuliko yote
hubisha hodi hapo, likarudi.
Kisha matone mawili ya asidi,
nikeli isijibanze kwenye ukuta wa chupa
kama mdeni nyuma ya pazia.

Haba na haba hujaza kibaba, wamesema.
Hawakusema kibaba cha nini.
Mimi natafuta punje moja ya chumvi
ndani ya beseni zima la kuogea,
na nikiipata, niiite kwa jina.

Ng'ambo ya kilima wametoboa mashimo ya majaribio,
arobaini na moja, kila moja na kofia ya chuma
na namba ya rangi ya chungwa.
Mgodi bado. Mgodi ni ramani,
na kahawa ya bure kwenye ukumbi wa shule
jioni ya Alhamisi.

Ni katika ukumbi huo, majibu ya vuli yalipofika
(nikeli juu, aseniki juu,
kabla ya sururu hata moja),
Bwana Hyvärinen wa kampuni aliyasoma kwa sauti
kama mtu anayefungua zawadi.
"Mnaona? Maji haya
hayakuwa safi tangu mwanzo."
Watu wakageuka kunitazama.
Mimi ndiye niliyepima.
Mwandiko ni wangu, hata ile saba yenye mkia.

Mjomba akainuka, kofia mkononi.
"Kijito hicho," akasema, "jina lake ni Uchungu.
Bibi yangu alikiita hivyo, na bibi yake.
Kulungu wetu wa theluji hukivuka na kiu yao
wakanywe cha pili.
Sisi tulijua, tukapita.
Ninyi mmejua, mnataka kukaa."
Akaketi. Kiti kikalia.

Nami nilitaka kusema: uchungu nao una kipimo,
hiki ndicho chake kabla yenu, tazameni tarehe,
kikipanda nitajua ni nani.
Nilisema nusu yake. Nusu nyingine
nilikuja kuisema garini, peke yangu,
kwa ufasaha mkubwa.

Ndiyo maana nimerudi, na nitarudi Agosti.
Sandukuni kuna chupa moja si ya hapa:
maji ya maabara, yaliyosafishwa
hadi yakasahau kila jiwe.
Yamesafiri nasi kilomita mia tano.
Nayafungua upeponi, nahesabu hadi sitini, nayafunga.
Hayo ndiyo shahidi dhidi yangu:
kama uchafu ni wa kijito
au ni wa mikono hii.

Yamebaki kidogo kwenye dumu.
Mjomba anauliza ladha yake ikoje.
Namwambia hayana. Anacheka, ananyoosha
kikombe chake cha mti wa mbetula,
anayazungusha mdomoni muda mrefu,
macho yamefumba, kama anayejaribu kukumbuka
sura ya mtu asiyewahi kumwona.

"Maji haya," anasema,
"hayajatoka popote."

Anayatema kwa adabu, pembeni, juu ya kuvumwani.
Anaupanda mteremko kwenda kijito cha pili,
kikombe kikigonga kwenye mkanda wake.

Nafunga sanduku. Navaa pete.
Ni baridi, na kwa muda
haikubali kupita kwenye kifundo cha kidole.