Jumapili Tu

Saa kumi na moja alfajiri, Migosi bado ni giza,
nami nishawasha jiko, uji wa wimbi unatokota.
Namwita Hawi mara tatu; ya nne namwita kwa jina la nyanya yake
ndipo anaamka. Ogutu anatafuta soksi moja.
Kila siku soksi moja. Sijui ya pili huenda kumtembelea nani.

Uji hauna sukari.
"Mama, hata kijiko?"
Hata kijiko. Ndizi mbivu hiyo hapo, iponde, koroga, unywe.

Zamani sikuwa hivi.
Zamani chapati zangu zilijulikana ploti nzima,
ziking'aa mafuta kama paji la bwana arusi,
na Opondo akimaliza ya nne alilegeza mshipi
akasema, "Mke wangu, wewe utaniua."
Tukacheka.
Tulikuwa tukicheka.

Kitabu chake nilikitoa hospitalini ndani ya kikapu
pamoja na miwani, kandambili, na taulo ambalo sijalifua.
Riwaya ya kuazima, ina muhuri wa zambarau wa maktaba,
siku ya kuirudisha ilishapita, faini siulizi.
Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili palikuwa na karatasi,
ile ya kliniki ya sukari, ambayo hakuwahi kunionyesha:
Punguza chumvi. Punguza mafuta. Mboga nusu ya sahani.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wake wa ubaoni:
kwenye chumvi, "nitajaribu";
kwenye bia, "niliacha, wasinisumbue";
kwenye chapati, "Jumapili tu.
Mama Hawi asijue. Atadhani simpendi."

Nilikaa kigodani hadi makaa yakawa majivu.

Tangu hapo naipika ile karatasi.
Jumamosi nawahi Kibuye kabla jua halijanyausha majani.
Min Atoti hunifungia mnavu, mgagani na mitoo,
kisha huongeza konzi ya mrenda, "ya watoto,"
wala hamtaji marehemu,
nami namshukuru kwa hilo kuliko mrenda.

Mgagani nauchambua jani kwa jani,
nauchemsha, naulaza ndani ya maziwa usiku kucha
ili uchungu upoe.
Wapo walioniambia msibani kwamba uchungu wote huisha hivyo, taratibu.
Hao hawajawahi kupika mgagani.
Hauishi. Hubaki kidogo, nyuma ya ulimi.

Omena nachemsha kwa nyanya, sikaangi.
Shemeji akija hula huku akitazama dari.
"Siku hizi hapa mnakula kama sungura."
Namjibu: umewahi kusikia sungura ana presha?

Usiku nawasomea. Kurasa sita, kwa sauti,
sahani zikiwa bado kwenye karai.
Tukifika mia moja na kumi na mbili nakifunga kitabu,
kesho yake naanza upya, jalada hadi pale pale.
Hii ni mara ya tatu. Hawi anajua. Hugeukia ukuta.
Siwezi kuvuka. Huko mbele yeye hakufika;
nikisoma, nitakuwa nimemwacha njiani peke yake,
bila hata miwani.

Juzi stima zikapotea.
Ogutu, darasa la pili, jino la mbele halipo,
akachukua kitabu, akachukua tochi ya simu yangu,
akafungua mia moja na kumi na tatu,
kidole chini ya neno:
"Pu-nda. Punda a-ka-ka-ta-a ku-vu-ka da-ra-ja."

Punda akakataa kuvuka daraja.
Ndiyo hayo tu yaliyokuwepo.
Miezi kumi na sita namwogopa punda.
Nikacheka mpaka Hawi akatoka chumbani kuona kama nalia,
na kweli nilikuwa nalia, kamasi na yote,
nikamwambia mdogo wake, "Haya, endelea.
Alivuka?"

Kesho Jumapili.
Nimekanda unga wa ngano isiyokobolewa, mafuta kijiko kimoja.
Zitakuwa ngumu kidogo.
Tutatafuna.