Mgonga Magurudumu

Miaka thelathini na mmoja, karakana ya reli, Tabora,
kazi yangu ilikuwa nyundo ya mpini mrefu
na sikio.
Treni ya Kigoma ikisimama, abiria wakishuka kununua asali,
mimi nainama chini ya mabehewa,
nagonga: ngiiii.
Zima.
Ngiiii. Zima.
Na siku mojamoja: kwata.
Kama chungu cha sokoni kinachong'aa nje
na ukikitia maji kinalia machozi.
Ufa hauonekani kwa macho. Ufa hujitaja,
ukiulizwa.

Sasa nimestaafu, niko Isevya.
Usiku naamka mara tano,
nasimama uani kama nguzo ya ishara,
nasubiri.
Tone. Tone.
Mbwa wa jirani amenizoea, habweki tena.
Zuwena alianza kuhesabu kabla yangu.
"Baba Mihayo, mfereji huo una kitu."
Nikamjibu: uzee.

Doto naye alisema uzee.
Mimi ni Shija, niliyezaliwa nyuma ya pacha;
Kulwa na Doto walinitangulia mlangoni.
Doto akatutangulia na kaburini,
mgongo ukimuuma, nasi tukimkanda mafuta ya moto.
Tulikanda mgongo.
Hakuna aliyegonga gurudumu.

Damu yangu ilipopimwa, namba ikatoka kubwa.
Njoo Kitete Jumatano, wakasema, mwenye altrasaundi yupo.
Mwenye altrasaundi ni binti:
Daktari Kabula, rika la kitindamimba wangu,
viatu vya raba, kalamu imechomekwa kwenye nywele.
"Lala ubavu wa kushoto, babu. Magoti yaje kifuani."
Nikajikunja kama nilivyokuwa kabla sijazaliwa,
na aibu ikalala juu yangu.
Sitawaficha: kifaa kinapita pale pasipotajwa mbele ya wakwe,
unene wa kidole gumba, baridi ya kisima.
Nikakaza meno, nikatazama ukuta.
Rangi imebanduka. Nikaihesabu nayo.

"Kinafanya nini humo?" niliuliza, ili nisikike bado ni mtu.
"Kinapiga sauti, babu. Sauti usiyoisikia.
Inaigonga tezi, inarudi. Nami nasoma inavyorudi."

Nikageuza shingo.
"Unagonga?"
"Nagonga."
"Na penye ufa?"
Akanyamaza. Akanigeuzia kioo:
kijivu juu ya kijivu, mvua inayonyesha mbali, mbugani Wembere,
na upande wa kulia kivuli, kiasi cha punje ya njugu.
"Hapa mwangwi haurudi vizuri."

Kwata.
Wallahi niliisikia, chumba kikiwa kimya.

Akawahi kusema:
"Kivuli si hukumu. Vingine ni uvimbe tu,
na ipo saratani isiyo na kivuli.
Picha inaniongozea sindano. Jibu limo kwenye nyama."
Nikamwelewa. Hata mimi sikuvunja gurudumu kwa kulisikia tu;
niliweka alama ya chaki, fundi akaja na taa.

Ganzi. Kisha: tak.
Behewa moja lina magurudumu manane.
Mimi nilihesabu kumi na mawili,
behewa na nusu.
"Pole, babu."
"Gonga, binti. Usiruke hata moja."

Kulwa hataki kusikia. Nimempigia simu Urambo,
anasema mwanamume hapimwi huko.
Nikamwambia: Doto hakupimwa huko.
Simu ikakaa kimya mpaka salio likaisha.

Vipande vyangu viko ndani ya vichupa,
vimepanda treni ya usiku kwenda Mwanza.
Majibu wiki tatu.
Niko uani, mkono ukutani. Tone.
Honi imelia stesheni, mabehewa yanajivuta,
nayasikiliza mojamoja yakivuka maungio ya reli,
nasikiliza,
sijui siku hizi ni nani anayeshika ile nyundo.