Chanda Hakikusaini

Shekuwe aliniletea elfu tatu na kanga pea moja
nimtungie mwanawe wimbo wa vugo.
"Umsifu na yeye kidogo," akasema mjumbe,
kijana wa kuendesha punda, huku akimung'unya ukwaju.
"Useme nyumba yake haikauki wageni."

Nyumba ipi?

Niliketi jikoni na daftari la hesabu la mwanangu,
viboksi vyake vizuri kwa kupimia:
mizani moja, kiboksi kimoja.
Nikaandika bwana arusi. Nikaandika asumini.
Nikaandika nyumba, kalamu ikagoma.

Maana nyumba ile ya Mkomani naijua.
Ni ya Mwanashee, dada yake.
Alipewa na mama yao siku alipoolewa,
kama mama naye alivyopewa na wake.
Huku kwetu mume huingia nyumba ya mkewe
na sanduku lake na adabu zake.

Walikuwa chanda na pete, ndugu hawa.
Mwanashee akaugua figo, akalazwa,
siku ya nne hajui Alhamisi wala Ijumaa.
Shekuwe akaja wodini na chupa ya uji,
na chini ya chupa karatasi,
na kibweta cha wino wa buluu.
Pete ikachukua chanda.

Aliporudi, dawa zimefungwa kwenye pindo la leso,
alikuta mlangoni kufuli asiloijua funguo yake.
Mnunuzi yuko ng'ambo. Mafundi walikuwa wanachimba kiwanda
wapate kidimbwi cha kuogelea.
Wazee wa mtaa wakasema: mambo ya ndugu, yasitoke nje.
Afisa wa ardhi akasema: alama ni yako, mama.
Naye akakitazama kidole chake gumba
kama mtoto aliyemtia aibu mbele za watu.

Usiku ule nilifuta zaidi ya nilivyoandika.
Nilitaka kumtaja kwa jina,
likavunja kila mshororo nilimolitia.
Nikajaribu mwivi, ikalia kama sahani iliyopasuka.
Nyanya yangu, aliyenifunza, alikuwa akisema:
tukana, wakusikie leo;
fumba, wakuimbe miaka.
Nikahesabu kwa vidole, havikutosha,
nikaazima vya mwanangu aliyelala.
Kabla ya adhana ya alfajiri ikaja yenyewe:

*Nyumba alinipa mama, kuta zake zina jina,*
*Chanda chalala kwa homa, hakikujua maana,*
*Ndugu yangu kasukuma, wino ukashikamana,*
*Ewe pembe, piga tena: chanda hakikusaini.*

Bi Barke, mshika pembe, aliisoma mara mbili.
"Tumeshalipwa," akasema.
"Tumelipwa tuimbe," nikamjibu.
Akanitazama kitambo. Akachukua kijiti.

Beti mbili za bwana arusi waliitikia wakicheka.
Ya tatu waliitikia mara moja,
wakanyamaza, zikabaki nyayo uchochoroni
na punda mmoja aliyekataa kutupisha.
Kisha kwenye dirisha la juu, Langoni,
sauti nisiyoijua ikaipokea:
chanda hakikusaini.
Na mlango wa pili. Na wa tatu.

Nyumba haikurudi. Kidimbwi kina maji.
Shekuwe alidai elfu zake tatu, nikampelekea na kanga zake,
hazijafunuliwa.

Mwanashee amepanga chumba kimoja Kashmiri.
Nilikwenda nikitarajia machozi, au dua, sijui.
Alinimiminia kahawa.
"Wimbo umesikika," akasema. "Lakini hukutaja zidaka.
Ukuta wa ndani, zidaka ishirini na tatu.
Nilizipangusa kila Alhamisi, zote, miaka yote."

Nikatoa daftari.
Ishirini na tatu. Mizani saba.
"Imepungua moja," nikamwambia.
Akasogeza kiti chake, akashika kidole gumba,
tukaanza kuitafuta.