Nakala

Mimi natoa fotokopi Makoroboi, mia moja kwa ukurasa,
kwa hiyo daktari aliponieleza nilimwelewa upesi:
kila seli ina daftari la asili,
halitoki nje ya kiini.
Hutoka nakala tu, nyembamba, ya kutumika na kutupwa,
na wapishi wa protini huifuata herufi kwa herufi.

Leo ni mara ya kumi na moja
Nkwimba kulazwa chini ya mashine, Bugando, kilimani,
titi limechorwa wino wa zambarau.
Dakika tatu. Hakuna moshi, hakuna harufu.
Mlango mzito kuliko wa benki.

Humo ndani mionzi inachana kurasa.
Ndipo mlinzi anaamka,
yule ambaye siku zote hufyekwa kabla hajasimama;
leo wamemwacha, anaongezeka, anajaa seli:
Acheni kunakili!
Jeni zilizosinzia zinaitwa kazini,
nyingine zinazibwa midomo.
Leteni gundi. Kinachoungika kiungwe.
Kisichoungika, seli ijizike yenyewe.

Na uvimbe je?
“Mafundi wake wa gundi ni wazembe,” daktari akasema.
“Tunategemea hapo.”
Hakusema zaidi, nami sikumbana.

Jioni umeme umekatika
katikati ya cheti cha mtoto wa watu.
Nusu ya jina: Mile
Nimeishika ile karatasi, ingali ya moto.

Nkwimba akapiga simu. Ngozi inamwasha,
imeiva nyeusi kama kitako cha sufuria.
Usijikune, nikamwambia.
Wako kazini humo.