Sembe Mbili, Tui Sita

Saa kumi alfajiri gari halitaki kuwaka.
Naliambia maneno ambayo mama hakunifundisha,
linaitika.
Kutoka Hull hadi soko la jumla la Leeds
ni saa moja na robo, na mvua ya huku
hainyeshi, haikatiki,
inakulowesha kwa adabu.

Muhogo nauvunja ncha.
Mweupe ndani, nachukua. Wenye mishipa ya buluu, narudisha.
Gurdeep analalamika: unaniharibia mali.
Namwambia wateja wangu watauvunja huuhuu mbele yangu,
afadhali aibu iwe yako.

Ndizi za kupika ndio mtihani.
Zikiwa mbichi, mtu anaulizia mbivu.
Zikiiva, yuleyule anataka mbichi.
Doa la tatu nashusha bei.
Doa la saba tunakula wenyewe,
na wiki jana tumekula siku nne mfululizo,
hata Shadya akaandika kwenye insha ya shule:
"Kwetu hatutupi kitu.
Tunakiita chakula cha jioni."

Friza la pili linakoroma.
Fundi ametaja paundi mia mbili na themanini,
hajaligusa bado.
Nimelichomekea kadibodi chini ya mguu, likatulia siku tisa.
Siku ya kumi akaingia mkaguzi wa afya,
akapenyeza kipimajoto chake baina ya changu na kibua,
akasubiri, nami nikasubiri,
pumzi yangu nimeishika kama mtoto mchanga.
Alama nne kati ya tano.
Ile moja imekwenda na kadibodi.

Juu ya kaunta pana bango:

    Mteja karibu ndani, shika unachokitaka,
    Usinitajie deni, kukopa kuna mipaka,
    Wa jana yuko njiani, tangu mwaka hajafika,
    Leo lete mkononi, wa kukopa kesho fika.

Aliyenitungia ni binamu yangu Faki.
Namdai paundi kumi na nne.

Mwezi wa tatu duka kubwa la kule mzungukoni
likaweka rafu mpya: Ladha za Dunia.
Dunia nzima, mita tatu.
Sembe ileile, mfuko uleule,
pungufu peni arobaini.
Nikaenda kulitazama
kama mtu anavyokwenda kumtazama mke mwenza:
nimevaa vizuri, na sina haraka.

Na nani nakutana naye pale?
Bi Mwatime, mteja wangu wa miaka sita,
sembe mbili kitorolini.
Nami kwenye kikapu nina tui la kopo, sita,
yenye vibandiko vya manjano vya bei ya kutupa,
niliyokwisha kuyapangia nafasi kwenye rafu yangu
na bei yangu.
Akavuta karatasi za jikoni akafunika zake.
Nikashusha mtandio nikafunika yangu.
"Nyanya za hapa maji matupu," akasema.
"Wacha wee," nikasema.
Tukaagana kwa kuulizana habari za watoto.

Jumanne akaja dukani.
Akasimama karibu na mizani, akasifu bamia,
bamia ambazo hazikustahili sifa.
Nikajua.
Mume kapunguziwa zamu ghalani,
mita ya gesi imekula kilichobaki,
na kule mzungukoni mashine inajua bei ya kila kitu
lakini haijui mtu ni mtoto wa nani.
Hakulitazama bango. Mimi pia sikulitazama.
Daftari linaishi chini ya kaunta, chini ya mifuko,
mgongo wake nimeutia gundi mara mbili.
Yeye ana ukurasa wake mzima.

Sembe moja. Vitunguu. Chumvi.
Na tui la kopo, mawili.
Akaligeuza moja mkononi,
akasugua kwa kucha gundi ya kibandiko
nilichobandua usiku kwa maji moto,
manjano kidogo ikabaki kwenye ncha ya kidole.
Akanitazama.
Friza likaanza tena kukoroma.

"Andika," akasema.

Nikaandika.